Koseeni Hapa, Msikosee kwa Mtoto wa Watu

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi katika ukumbi wa parokia, hapa Lubumbashi, mbele ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi, walimu wao, na wazazi waliokuja kuiona "ile miwani" kwa macho yao. Mvua iliwazuia wengi, nao wameniomba maneno yote. Haya hapa. Picha za ukutani nimeziacha.

Jambo yenu!

Aa, hiyo ni sauti ya watu walioshiba bukari, ugali wetu. Jambo yenu!

Sawa. Mama zangu, baba zangu, walimu wangu mlioketi mbele, na ninyi wadogo zangu mliojipanga karibu na mlango ili mpate pa kuponyokea: asanteni kwa kuja. Nimeambiwa niseme juu ya michezo ya uhalisia pepe, yaani zile gemu za kuvaa machoni, na jinsi zinavyoweza kufundisha anatomia. Nitafika huko. Kwanza niwape habari ya ndala ya mtoto.

Mtaani kwetu Katuba alikuwapo mtoto wa miaka mitatu. Alishikwa na homa, mama yake akambeba mpaka kituo cha afya, mtoto akachomwa sindano ya tako, homa ikashuka. Kesho yake mama akaona jambo. Mtoto akitembea, ndala ya kulia inabaki nyuma. Anarudi, anaivaa, hatua tatu, imebaki tena. Mama akasema ndala ni kubwa, akamnunulia ndogo. Nayo ikabaki. Ndipo alipompakata akautazama mguu vizuri: ngozi ya kidole gumba imechubuka kwa kuburutwa chini, na unyayo umelala, hauamki hata ukiuamsha.

Kwa nini? Ndani ya tako unapita mshipa wa fahamu mnene karibu kama kidole. Unaitwa neva ya siatiki. Unatoka ndani ya nyonga, kwa watu wengi chini ya msuli mdogo uitwao pirifomisi, unashuka nyuma ya paja, matawi yake yanafika mpaka vidoleni. Ndio unaoamuru unyayo unyanyuke. Sindano ikiuchoma, au dawa ikimwagwa jirani yake, unyayo unalala. Wengine hupona polepole. Wengine hawaponi. Yule wa kwetu alivishwa kifaa cha mguu, akafanyishwa mazoezi, na leo anakimbia, ingawa ukimwangalia sana utaona.

Sasa nisikilizeni. Aliyechoma sindano ile hakuwa mtu mbaya. Wala hakuwa mjinga. Ungemwuliza kwenye karatasi, "Neva ya siatiki inapita wapi?", naweza kuapa angejibu na kupata alama zote. Tulimfundisha sisi. Tulimfundisha kwa karatasi. Je, sindano huchomwa kwenye karatasi?

Nauliza tena: sindano huchomwa kwenye karatasi?

Mimi ni asistanti, yaani mwalimu msaidizi chuoni. Kazi yangu ni kusimama na wanafunzi mbele ya mifupa na kuwauliza maswali ya kuwatoa jasho. Mwaka mmoja aliingia kijana kwenye mtihani wa mdomo, shati limepigwa pasi, akanitajia matawi ya ateri ya kwapa. Yote sita, kwa mpangilio, bila kumeza mate, kama litania ya watakatifu. Nilibaki kidogo niitikie "utuombee". Nikamwambia, vizuri sana mdogo wangu, sasa weka kidole juu ya wengu wako mwenyewe. Akaweka kulia. Nikanyamaza. Akausoma uso wangu, akahamisha kidole kushoto, lakini chini kabisa, karibu na mfuko wa suruali.

Wengu, au bandama kama wengine mnavyoita, umejificha kushoto juu, nyuma ya mbavu ya 9 hadi ya 11. Na hapa kwetu, ambako malaria huuvimbisha, daktari asiyejua ulipolala atajuaje kama umeshuka?

Sikumlaumu kijana yule. Niliitazama silabusi yake, yale maandishi ya somo. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Ini la kijivu, figo la kijivu, na mshale mmoja uliofifia unaoelekea mahali fulani kati ya Lubumbashi na Likasi. Alijua majina. Mahali hapajui. Na mgonjwa haji na majina yameandikwa juu ya ngozi.

Sasa twendeni Kenya. Si nchi, ni komini yetu! Nani humu ndani hajala michopo, nyama yetu ya kuchoma? Usidanganye, uko kanisani. Ukipita jioni, usiangalie nyama kwanza. Angalia mkono. Yuko mzee mmoja ninayenunua kwake. Akichukua paja la mbuzi, shoka haligusi. Kidole gumba cha kushoto kinatembea juu ya nyama, kinabonyeza, kinatembea, kinasimama. Pale kiliposimama, ncha ya kisu inaingia, inazunguka mara moja, tk! Mguu umeachana na nyonga. Hutakuta hata kipande cha mfupa kwenye sahani yako.

Nikamwuliza siku moja: mzee, unajuaje kiungo kilipo? Hakuinua hata macho. Akasema: "Nimeharibu mbuzi wengi."

Nimeharibu mbuzi wengi! Wadogo zangu, neno hilo nimelizungusha kichwani mwaka mzima. Yeye aliharibu mbuzi. Na muuguzi anayejifunza, aharibu nani? Daktari wa sitaji, yaani wa mazoezi, aharibu nani? Mkono haujifunzi bila kukosea. Mzee alikosea kwa mbuzi, na mbuzi alikuwa amekwisha kufa. Sisi tunawapeleka watoto wenu wakakosee kwa watoto wenu wengine.

Wala msidhani ugonjwa huu wa kujua kwa mdomo ni wa Kongo. Tabibu Galeno, Mgiriki wa karne ya 2, alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, akaandika kwamba taya la chini ni mifupa miwili. Neno lake lilishikwa kwa miaka kama 1,300, hata maprofesa wa Ulaya wakaketi kwenye kiti kirefu wakimsoma Galeno kwa sauti, huku kinyozi akikata maiti pale chini. Shikeni mataya yenu. Shikeni, msione haya! Pitisheni vidole kutoka sikio hadi kidevu hadi sikio la pili. Kuna mahali mfupa umekatika? Hakuna. Lakini kitabu kilisema miwili, na aliyekuwa na kitabu hakuwa na kisu. Mpaka akaja Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, akateremka kitini huko Padua, akashika kisu mwenyewe. Mwaka 1543, akiwa na miaka 28, akachapisha: taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Brussels imetuletea mengi sisi watu wa huku, na mengi hatukuyaomba. Huyu tumpe haki yake.

Basi, miwani. Nyoosheni mkono, inueni kidole gumba mbele ya uso. Fumbeni jicho la kushoto. Sasa fumbueni, mfumbe la kulia. Kidole kimeruka, sivyo? Mama, wewe unafumba yote mawili! Jicho moja tu. Haya. Kila jicho linaona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, na ubongo unazishona hizo mbili, ndipo unapojua kitu kiko mbali au karibu. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha hilo mwaka 1838, kwa vioo viwili na michoro miwili. Miwani hii ni kazi ileile. Vioo vidogo viwili vya picha, kimoja kwa kila jicho, na vipimo vinavyofuata kichwa chako: ukigeuka, dunia ya ndani nayo inageuka. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza ya namna hiyo, ikawa nzito hata ikaning'inizwa darini. Waliokuja kuishusha kutoka darini na kuishusha bei ni vijana waliotaka kupiga risasi za uongo sebuleni kwao. Kufikia 2019 ilikuwapo isiyotaka kompyuta wala waya, inayofuata na mikono yako. Kwa hiyo wazazi mnaowafokea watoto kwa gemu, endeleeni kuwafokea, lakini mjue tumekula matunda yake.

Mchezo wetu ni mdogo. Vijana wawili wa hapa wanaoandika programu walikesha nami usiku mwingi, tukishindana na umeme unaokatika. Maumbo ya mifupa na misuli tuliyapata bure kutoka hazina ya Wajapani inayoitwa BodyParts3D. Hatua ya kwanza ni mkono, kuanzia kifundo hadi vidoleni: mifupa 27 imemwagwa mezani, uipange. Msidharau. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na 106 kati ya hiyo imo katika mikono na miguu kuanzia vifundo hadi vidoleni, nusu na ushei. Vile vijifupa vinane vya kifundo cha mkono vimewaliza madaktari wakubwa kuliko mimi.

Hatua ya pili ni ile niliyoitengeneza kwa ajili ya ndala ya mtoto.

Mbele yako amelala mtu. Hana majina juu yake. Hana mshale. Ana ngozi tu, kama sisi sote. Mkononi una sindano. Unatafuta. Unapapasa. Unachoma. Na hapo tu ndipo ngozi inapogeuka kioo, ukaona ncha yako imefika wapi. Ikiwa ndani ya msuli, mtu ametulia. Ikiwa kwenye neva, mguu wake unaruka.

Wa kwanza kucheza alikuwa binti wa uuguzi, mwaka wa tatu, mwenye alama nzuri. Alichoma mara nne. Mguu uliruka mara tatu. Akavua miwani, akaiweka magotini, akaitazama muda mrefu. Nikaogopa nimemvunja moyo. Akasema: "Naweza kurudia?" Alirudia mpaka betri ikaisha.

Mara tatu mguu uliruka, na hakuna mtoto aliyeacha ndala nyuma. Hilo ndilo kosa la bure. Na mara ya ishirini niliona kitu ambacho silabusi haijawahi kunionyesha: mkono wake wa kushoto ulianza kutembea kama kidole cha mzee wa michopo. Kiganja kikatua kwenye ule mfupa unaotokeza pembeni mwa nyonga, kidole cha shahada kikaelekea ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, cha kati kikafunguka kurudi nyuma, na sindano ikaingia katikati, pale vidole vilipofanya V. Wauguzi mnapajua hapo. Ni mbali na siatiki kuliko takoni nyuma. Na kwa mtoto mchanga, tukumbushane, ni paja, upande wa mbele kwa nje. Tako mwachieni.

Sasa niseme neno ambalo wauza miwani hawatalipenda.

Miwani haifundishi. Narudia: miwani haifundishi! Kinachofundisha ni kufichwa jibu.

Nimeonyeshwa programu nyingi za mwili. Unavaa, unaingia ndani ya moyo kama njiwa kanisani, vali zinafunguka na kufunga kichwani pako, majina yanaelea kila upande kwa maandishi ya dhahabu. Unasema "eeh!" Unasema "aah!" Unavua. Kesho umebaki na nini? Na "eeh" na "aah". Hiyo ni sinema. Nzuri, lakini sinema.

Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo yao. Wanafunzi walipewa maandishi. Wengine waliyasoma tena na tena; wengine walisoma, wakafunika, wakajaribu kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliofunika ndio waliokumbuka zaidi. Mnaona? Kuangalia kunakupa raha ya kudhani unajua. Kutafuta kunakutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalobaki.

Na mwaka 2017 Christian Moro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bond, Australia, walifundisha anatomia ya fuvu kwa watu 59. Wengine kwa miwani, wengine kwa tableti. Wakawapa mtihani. Alama hazikutofautiana kwa maana. Walichozidi wenye miwani ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na macho kufifia. Profesa mmoja alinitumia habari hiyo kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha penalti uliyokosa. Nikamjibu: ndivyo nisemavyo kila siku! Ukiweka kitabu ndani ya miwani, umepata kitabu kizito cha kuvaa usoni.

Hicho kizunguzungu nacho mkijue. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye maji, inayouambia ubongo kama unageuka. Ukivaa miwani ukapeperushwa ndani ya mshipa wa damu, macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumekaa kitini. Ubongo haupendi mashahidi wawili wanaopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Kwa hiyo kwetu hakuna kupeperushwa. Mgonjwa amelala, wewe umesimama, unainama kwa mwili wako mwenyewe.

Kuinama nako kuna hatari yake. Kaka mmoja mwenye kilo zake alicheza dakika kumi, akachoka, akaona meza pale mbele, akaiegemea. Meza haikuwapo. Ilikuwa ndani ya miwani! Tulisikia kishindo mpaka uani, masista wakaja wakikimbia wakidhani kabati limeanguka. Tangu siku ile tuna kazi rasmi inayoitwa mshika bega. Yeye hafanyi lolote isipokuwa kusimama nyuma ya mchezaji.

Mtaniuliza: miwani iko ngapi? Moja. Promosheni, yaani darasa la mwaka mmoja, ina watu wangapi? 60. Piga hesabu. Kila mtu dakika 10 ni dakika 600, saa 10, na betri inakwenda saa mbili hivi. Huo ndio ulikuwa mlima wetu, na nilipouona nilitaka kuacha. Basi shida ikatufundisha kucheza vizuri kuliko walio na miwani hamsini.

Tunafanya hivi. Mmoja anavaa. Haruhusiwi kusema. Watano wanaona kwenye simu kile anachokiona, na wao ndio wenye swali: mpelekeni mwenzenu kwenye neva fulani. Hawaruhusiwi kusema "hapo!" wala "pale!" wala kumgusa. Maneno tu. Panda. Ingia ndani zaidi. Sogea upande wa katikati ya mwili. Umepita, rudi nusu kidole. Aliyevaa anajifunza mahali, na walio nje wanajifunza kupasema, na mshika bega anajifunza kuvumilia kelele.

Siku ya kwanza walianza kwa Kifaransa cha darasani, mediali, laterali, proksimali, wakijikaza kama wako mbele ya jopo. Saa ikawabana. Kifaransa kikaisha. Binti mmoja akapiga kelele: "Fuata muundi! Ule mfupa wa mbele ya mguu, muundi, unaojigonga kwenye kitanda usiku!" Mkono wa mchezaji ukaenda moja kwa moja. Ukumbi kimya. Nusu yao walikuwa hawajawahi kulisema neno hilo darasani. Muundi, mtulinga, kidari, wengu, kongosho. Haya ni maneno atakayokuja nayo mgonjwa. Bibi wa Ruashi hatakuambia "docta, naumwa tibia". Kwa nini tulimfundisha mtoto wake kusahau neno muundi ili apate diploma? Nafupisha hapa, maana nikianza la lugha tutalala humu.

Kuna jambo lililonikamata kooni, nalo nalileta kwenu wazee hasa.

Jioni moja kijana alichukua fuvu ndani ya mchezo, akalirusha juu, akalipiga teke. Wenzake wakaona kwenye simu, wakalipuka kwa jina la timu yetu ya mpira: "Mazembe! Mazembe!" Nami nikacheka, nisiwafiche. Nikarudi nyumbani, usingizi ukakataa.

Wazee wa Kamalondo, neno batumbula mnalijua. Bibi yangu alituambia kwamba enzi za Elisabethville, yaani Lubumbashi ya wakoloni, jua likizama, mtu hakutembea peke yake: batumbula watakukamata, mwili wako hautaonekana tena. Sisi wajukuu tulicheka. Lakini bibi alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema kwamba kuna watu wenye nguvu wanaoitazama miili ya wanyonge kama mali. Na anatomia, ndugu zangu, haiko mbali na hofu hiyo. Huko Edinburgh mwaka 1828 William Burke na William Hare waligundulika wamewaua watu 16 ili wauze maiti kwa mwalimu wa anatomia. Na maiti hizo zilinunuliwa! Na mwalimu alikuwa na darasa zuri.

Mnasema: lakini miwani haina maiti. Haina? Mwaka 1981, huko Texas, mtu aitwaye Joseph Paul Jernigan alivunja nyumba akamuua mwenye nyumba. Tarehe 5 Agosti 1993 naye akauawa na serikali. Kwa kitu gani? Kwa sindano. Alikuwa na miaka 39, na kabla ya kufa alikubali mwili wake uende kwa sayansi. Mwili ukagandishwa, ukakwanguliwa milimita moja moja, kila tabaka likapigwa picha. Matabaka 1,871. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikazitoa picha hizo kwa dunia. Mwaka uliofuata ukaja mwili wa mama wa miaka 59 kutoka Maryland, matabaka zaidi ya 5,000, jina lake halikutangazwa. Kutoka watu hao wawili zimetoka picha na programu nyingi mno za mwili. Hata maumbo yetu ya Kijapani yalianzia kwenye picha za mwili wa mtu. Mtu aliyefungwa, akingoja siku ya kuuawa, akisema "chukueni mwili wangu", hilo "ndiyo" lake lina uhuru kiasi gani? Nimeuliza mapadri wawili, wamenipa majibu mawili.

Kesho yake niliwaambia vijana habari ya Jernigan. Sikuwagombeza. Yule wa teke aliuliza kama alikuwa na watoto. Sikujua la kumjibu. Tangu hapo hakuna anayerusha fuvu, na sikuweka sheria yoyote.

Tena mwili wa Jernigan una somo lingine. Alikuwa amekwisha kupasuliwa, hana kidole tumbo. Aliyejifunza kwake peke yake angedhani wanadamu hatuna! Kila mwili una mambo yake. Kuna wachache ambao neva ya siatiki imegawanyika mapema na tawi lake likapenya katikati ya pirifomisi. Mchezo wetu una mtu mmoja, na mtu mmoja hawezi kuwa watu wote. Wala miwani haina ugumu wa ngozi. Kishikio kinatetemeka kidogo mkononi, basi. Ngozi ya mzee na ngozi ya mtoto zinatetemeka sawa. Kwa hiyo mwalimu atakayewaambia sasa tufunge chumba cha mifupa, tuwafukuze wazee wa maabara, tununue miwani, mwulizeni anapata asilimia ngapi.

La umeme sitalisema, mnalijua. Tunachaji usiku unapokuja. La bei nalo: simu mbili nzuri, zaidi kidogo. Na ndani ya betri za namna hii mara nyingi mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, kwa sehemu kubwa hapo juu Kolwezi. Kwa hiyo huenda tumeinunua mara ya pili. Nacheka, lakini si sana.

Haya, maneno yametosha. Miwani iko kwenye kile kitambaa cheupe, nimeifuta kwa spiriti na nitaifuta baada ya kila uso. Mshika bega ni yule mrefu mwenye shati la bluu. Msimwonee huruma, analipwa kwa soda. Aliyekula bukari chini ya saa moja iliyopita akae kwanza, aongoze kwa mdomo. Mwenye kifafa asivae kabisa. Wamama mnaruhusiwa, tena ninawataka ninyi kwanza: ninyi ndio mnaobeba watoto kwenda kuchomwa, mjue mkono wa muuguzi unatakiwa utue wapi.

Mtu amelala, hana jina juu yake. Sindano iko kulia.

Nani wa kwanza? Mama wewe, uliyefumba macho yote mawili, njoo.